Ufunguo na kufuli: mfano mzuri uliochoka

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari, au umesoma baolojia hadi kidato cha nne, mfano huu unaujua. Sukari imejaa kwenye damu, inataka kuingia kwenye seli, mlango umefungwa. Insulini ni ufunguo. Juu ya seli kuna kufuli, linaitwa kipokezi. Ufunguo ukiingia kwenye kufuli mlango unafunguka, sukari inapita, mtu anapata nguvu. Kisukari cha aina ya kwanza: ufunguo hakuna. Cha aina ya pili: ufunguo upo ila kufuli limeshika kutu. Dakika mbili tu, kila mtu anatikisa kichwa kwamba ameelewa, tunahamia somo la kutunza miguu.

Mfano huu nataka niuseme vibaya, lakini kwanza niutendee haki. Picha ya ufunguo na kufuli ilitoka kwa Emil Fischer, mkemia wa Ujerumani, mwaka 1894, wala hakuwa akizungumzia homoni. Alikuwa akieleza kwa nini kimeng'enya huchagua sukari moja na kuikataa nyingine inayofanana nayo karibu kila kitu. Kwa kazi hiyo picha inafaa mpaka leo. Insulini nayo huchagua. Ni protini ndogo, asidi amino 51 katika minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwingine wa 30, na kati ya protini chungu nzima zilizosimama kwenye utando wa seli hushikana na chache sana. Ukitaka mtu akumbuke jambo moja, kwamba homoni haipigi hodi kila mahali, mwambie ufunguo na kufuli. Halafu unyamaze hapo hapo. Shida yetu ni kwamba hatunyamazi.

Kosa la kwanza ni la kiseremala. Kufuli hukaa mlangoni. Hili halikai mlangoni. Kipokezi cha insulini hakina tundu la kupitisha sukari hata kidogo. Kwenye misuli na kwenye mafuta, sukari hupita katika protini nyingine kabisa iitwayo GLUT4, na mtu akiwa hajala kwa muda, sehemu kubwa ya GLUT4 haiko hata ukutani. Imehifadhiwa ndani ya seli, kwenye vifuko vidogo. Mwaka 1980 makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yalionyesha kwamba insulini ikifika, wasafirishaji hao wa sukari huhama kutoka ndani na kwenda kujipachika kwenye utando. Yaani milango iko stoo! Insulini haifungui mlango, inasababisha milango itolewe stoo na kuwekwa ukutani. Insulini ikishuka, inang'olewa na kurudishwa.

Tena kuna seli zisizongoja hayo yote. Seli nyekundu za damu, na ubongo kwa sehemu kubwa, huchukua sukari bila kuuliza insulini iko wapi. Ukimwambia mgonjwa kwamba bila ufunguo kila seli ya mwili inakufa njaa, umemtisha na umempotosha kwa mpigo mmoja.

Sasa hebu tulitazame lenyewe hilo tunaloliita kufuli, maana hapa ndipo mfano unapotunyima utamu wote. Kwenye michoro mingi kipokezi ni kikombe, au herufi Y iliyosimama juu ya utando, na insulini ni kipande kinachoingia humo na kutulia. Jeni la kipokezi hiki lilisomwa mwaka 1985 na makundi mawili karibu kwa wakati mmoja, na tangu hapo tunajua kwamba seli hukitengeneza kama mnyororo mmoja mrefu, kisha huukata vipande viwili, alfa na beta. Jozi mbili za vipande hivyo hufungwa pamoja kwa vifungo vya salfa. Alfa mbili ziko nje kabisa, ndizo zinazoshika insulini. Beta mbili hupenya utando mara moja kila moja, na mkia wa kila beta ulioko ndani ya seli ni kimeng'enya. Kwa uzito, kitu chote hiki kinaizidi insulini zaidi ya mara 50. Kwa hiyo hata vipimo vya ufunguo na kufuli vimekataa.

Mwaka 2006 watafiti wa Australia walichapisha umbo la sehemu ya nje: V iliyopinduliwa, miguu imeachana. Hapo hakuna insulini. Miguu ikiwa mbali hivyo, mikia miwili ya ndani haiwezi kufikiana vizuri. Kuanzia mwaka 2018 darubini za elektroni, zile zinazogandisha protini kwa baridi kali na kupiga picha maelfu kwa maelfu, zikaanza kuonyesha kinachotokea insulini ikishikwa. Kipokezi hujikunja. Sehemu za juu hupanda, miguu hukaribiana, na insulini ikijaa unapata umbo la herufi T lililobeba insulini 4. Nne! Insulini ikiwa kidogo yanaonekana maumbo ya katikati, yameinamia upande mmoja, kama mtu aliyepandisha bega moja. Na tangu mwaka 1973 Pierre De Meyts na wenzake walikuwa wameshaona kwamba insulini ikizidi kwenye majimaji, ile iliyotangulia kushikwa hung'oka haraka zaidi. Kufuli linalopokea funguo nne, linalobadilika umbo kulingana na idadi yake, na linaloachia ule wa kwanza kwa sababu wengine wamefika, mimi sijaliona dukani.

Kuna na hili. Insulini ikishashikwa, mara nyingi humezwa ndani ya seli pamoja na kipokezi chake, na huko insulini husagwa. Ini peke yake huondoa karibu nusu ya insulini inayotoka kwenye kongosho kabla haijasambaa mwilini. Ufunguo unaoliwa na kufuli!

Basi tuseme nini badala yake? Mimi ninakaa Hombolo, kilomita kama 40 kutoka Dodoma mjini. Hapa kuna bwawa, kuna mizabibu, na kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, kwa hiyo mambo ya ofisi tunayajua. Tumia ofisi. Insulini ni tarishi. Amefika dirishani, kaleta ujumbe, ndani haingii. Nyuma ya dirisha wameketi makarani wawili, kila mmoja na muhuri wake, lakini viti vyao viko mbali. Tarishi akishika dirisha, viti vinasogezwa, na jambo la kwanza wanalofanya makarani hawa ni kugongeana muhuri wao kwa wao. Karani asiyegongwa muhuri na mwenzake kazi yake ni ndogo. Akishagongwa, anakuwa moto.

Muhuri huo ni fosfati. Ndiyo, ndugu za ile fosfati ya Minjingu unayomwaga shambani, isipokuwa hapa inanyofolewa kutoka kwenye ATP na kubandikwa kwenye asidi amino iitwayo tirosini. Ziko tirosini 3 muhimu kwenye kila mkia wa beta. Zisipopata fosfati, kimeng'enya kimejizibia mdomo chenyewe kwa kipande cha mnyororo wake. Masato Kasuga na wenzake nchini Marekani walionyesha mwaka 1982 kwamba insulini hukifanya kipokezi kipate fosfati, na tangu siku hiyo kipokezi kikaacha kuwa kishikio tu. Kikawa mfanyakazi.

Kutoka dirishani faili linapita. Makarani wanagonga muhuri kwenye protini ziitwazo IRS. IRS yenye mihuri inasomwa na kimeng'enya PI3K, ambacho hakigongi muhuri kwenye karatasi, kinabandika tangazo kwenye ukuta wenyewe, yaani kwenye mafuta ya utando. Protini Akt inapita, inalisoma tangazo, inasimama hapo, na wakubwa wawili tofauti wanaigonga mihuri miwili. Sasa Akt ina mamlaka. Inaelekea kwa mtunza stoo, protini TBC1D4, ambaye kazi yake ya siku zote ni kukataa kutoa milango. Akigongwa muhuri, analegeza. GLUT4 zinatoka.

Ni safari ndefu, najua. Lakini ona faida yake: kila hatua ni mahali ambapo jambo linaweza kukwama. Na wapo wanaofuta mihuri. Kimeng'enya PTP1B hupita nyuma kikiondoa fosfati kwenye kipokezi, na mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba panya wasio nacho huitikia insulini vizuri kuliko wenzao. Kwenye kufuli, anayefuta utamweka wapi?

Hapo ndipo kutu inapoanguka. Tunapomwambia mgonjwa wa aina ya pili kwamba kufuli lake limeharibika, kwa wengi tunasema jambo ambalo halipo. Kipokezi kibovu kwa kuzaliwa kipo, lakini ni ugonjwa wa nadra mno, na kwa kawaida hujitokeza mapema, kwa mtoto au kijana. Kwa wagonjwa wengi kipokezi kimekamilika. Insulini ikiwa nyingi kwa muda mrefu idadi ya vipokezi kwenye utando inaweza kupungua, hilo lilionekana tangu mwaka 1974, lakini sehemu kubwa ya usugu iko ndani, kwenye njia ya faili.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka mbali, Greenland. Mwaka 2014 ilichapishwa kwamba kati ya Wainuiti wa huko kuna badiliko la jeni linalokatisha TBC1D4 ya kwenye misuli. Mtunza stoo hayupo kabisa, na bila yeye hata milango yenyewe inapungua. Mtu aliyerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama ana uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili mara 10 hivi kuliko asiye nalo. Insulini yake nzima, kipokezi chake kizima. Na kwa kuwa shida iko kwenye misuli wakati wa kupokea chakula, kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaweza kumkosa. Mfunge mtu huyo kwenye mfano wa ufunguo na kufuli uone utamweleza nini.

Unaweza kuniambia: sawa wewe msomi, lakini mgonjwa hahitaji TBC1D4. Kweli, jina halihitaji. Lakini mfano mbaya una gharama, na gharama hiyo analipa yeye. Mama yangu mdogo alikwenda kupima asubuhi kwenye kituo kimoja cha afya, hajala kitu tangu jioni, sukari ikasoma juu. Akaulizwa mbele ya watu alikula nini usiku. Akasema sikula. Akaambiwa kipimo hakidanganyi. Tangu hapo kabla ya siku ya kliniki alikuwa anashinda na njaa mchana kutwa, na bado inasoma juu, na anarudi nyumbani akiamini mwili wake ni mwongo au wataalamu wanamwona yeye ni mwongo.

Kwa mfano wa mlango, aliyemuuliza hakuwa na swali jingine la kuuliza. Sukari inatoka nje, inaingia ndani. Ikiwa nyingi damuni basi umeila. Ini halimo kwenye picha! Ilhali ini ndilo ghala. Huhifadhi sukari, na usiku kucha hutoa, tena hutengeneza mpya kutokana na asidi amino, laktati na mabaki ya mafuta, ili ubongo usizimike. Milango ya ini ni ya aina nyingine, GLUT2, haingoji kutolewa stoo. Kinachofanywa na insulini kwenye ini si kuingiza bali kukataza: ile ile Akt yenye mihuri miwili huitoa kwenye kiini cha seli protini FOXO1, inayoamrisha utengenezaji wa sukari. Kwa mwenye usugu, katazo halisikiki. Ini linaendelea kumwaga sukari saa kumi alfajiri kama vile nyumba nzima ina njaa. Mama mdogo hakula. Lililomwaga ni ini.

Kwa hiyo pia metfomini, kidonge ambacho huenda ndicho kipo kwenye mkoba wa mgonjwa mwenyewe, haieleweki kwa mfano wa ufunguo. Haiongezi funguo. Kazi yake kubwa ni kupunguza sukari inayotolewa na ini. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba vidonge ni vya kushughulikia chakula ataona busara kuviacha siku asipokula. Vipi utamlaumu? Amefuata mantiki tuliyompa. (Habari za dozi muulize daktari wako, si mimi.)

Cha ajabu zaidi, ini hilo hilo linalokataa kusikia "acha kutoa sukari" huendelea kutii "tengeneza mafuta". Insulini ile ile, kipokezi kile kile, amri mbili, moja imekufa na nyingine hai. Ofisi yoyote uliyowahi kwenda ina idara mbili za namna hiyo.

Na jembe je? Watu wa kliniki husema fanya mazoezi, na mgonjwa wa Hombolo anajiuliza mazoezi gani tena wakati amekuwa kwenye mizabibu tangu alfajiri. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kupogoa na kupalilia hakupoi. Lakini kuna jambo zuri ambalo hatumwambii. Msuli unapokaza na kulegea hutoa milango yake stoo bila insulini. Upo ujumbe wa njia nyingine, unaoanzia kwenye kazi yenyewe ya msuli, na sehemu ya ujumbe huo hufika kwa yule yule mtunza stoo, TBC1D4, kupitia mlango wa nyuma. Njia ya dirishani inaweza kuwa imekwama, hii ya nyuma bado inapitika. Kwenye mfano wa ufunguo, kutembea kwa miguu ni adhabu ya unene. Kwenye mfano wa ofisi, ni njia ya pili ya kufikisha barua.

Haya si mambo ya wachache. Donald McLarty na wenzake walipopima watu wazima katika vijiji 6 vya Tanzania na kuchapisha mwaka 1989, wenye kisukari hawakufika 1 katika 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Umri na vigezo si vile vile, usizitoe moja kwenye nyingine kama hesabu ya duka, lakini mwelekeo hauhitaji miwani. Mfano ulioingia kwenye somo la dakika mbili siku hizi unasikilizwa na ukoo mzima.

Lugha yetu nayo ina mkono. "Kipokezi" ni neno sahihi, silikatai, lakini sikiliza linavyokaa: ki- ya chombo, kama kijiko, kama kibuyu. Kinapokea, basi. Neno lenyewe linakichora kikombe kabla mchoraji hajashika kalamu. "Kisukari" ndiyo kabisa. Mtu akisikia kisukari anaacha sukari ya chai, kisha anakula ugali wa mtama sahani iliyofurika kwa sababu ugali si mtamu, wakati wanga wote huo unaishia kuwa glukosi. Majina hatuwezi kuyabadilisha leo. Mchoro tunaweza. Ningependa kuona bango la kliniki lenye vitu vitatu badala ya kimoja: msuli wenye milango iliyoko stoo, ini lenye bomba linalotoa, na dirisha lenye makarani wawili. Maelezo mistari mitatu. Nimejaribu kuchora na makarani wangu wanafanana na mbuzi, kwa hiyo mwenye mkono mzuri ajitokeze.

Na mfano wa ofisi usidhani nauuza bila dosari. Unafanya ionekane kama kuna mtu ndani anayeelewa anachofanya, na hakuna. Ni protini zinagongana gizani. Unafanya hatua zifuatane polepole kama foleni ya Jumatatu, wakati kipokezi huanza kupata fosfati chini ya dakika moja tangu insulini ifike, na kwa dakika chache tu milango inapachikwa. Kubwa kuliko yote ni lile la kumezwa. Kipokezi kikiwa kimeshika insulini huvutwa ndani ya seli, na hata kikiwa humo kinaweza kuendelea kugonga mihuri kwa muda, kabla insulini haijasagwa na chenyewe kurudishwa ukutani kufanya kazi tena, au kuvunjwa. Yaani tarishi anafika, dirisha linammeza yeye na makarani wote, linazunguka nalo ndani ya jengo huku kazi inaendelea, kisha dirisha linarudi mahali pake bila tarishi. Ofisi hiyo kwa mtendaji wa kata haipo.